Utarajali unaanza hivi karibuni: kituo, logibuku, zamu za usiku na njia ya ubingwa baadaye

Mtarajali_Mpya aliuliza:

Wakuu, shikamooni. Nimemaliza MD, mwenzangu amemaliza shahada ya uuguzi, sote tunasubiri kuripoti kwenye vituo vya utarajali (mwaka wa mazoezi ya kazi chini ya usimamizi). Ushauri tunaopewa kila kona ni "jitume, heshimu wakubwa". Tumeusikia. Sasa tunaomba kitu cha kushika mkononi:

1. Ukipata nafasi ya kuchagua kituo, unaangalia nini? Hospitali ya taifa, ya kanda, ya mkoa, au ya misheni?
2. Logibuku (daftari la kurekodi kazi unazofanya) inajazwaje ili isije ikaleta shida wakati wa kuomba usajili wa kudumu?
3. Zamu za usiku: makosa gani ndiyo yanayoua wagonjwa na kuharibu watarajali?
4. Baada ya mwaka huo: ajira kwanza, MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) moja kwa moja, au COSECSA (ubingwa wa upasuaji unaosomewa hospitalini)? Na kwa muuguzi, kuna njia gani zaidi ya kuzunguka wodi mpaka kustaafu?

Majibu ya kina yanakaribishwa, hata yakiwa marefu.

---

Leba_Saa_Tisa:

Marahaba. Nitagusa la 1 na la 3, mengine yana wenyewe humu.

Kuhusu kituo, jina la hospitali lisikudanganye. Uliza mambo mawili. Kwanza, je, idara zote nne kubwa (magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi) zina bingwa anayefika wodini, au kuna idara inaendeshwa na daktari wa kawaida huku bingwa akionekana kwenye orodha tu? Pili, kati yako na bingwa kuna watu wangapi? Kwenye hospitali kubwa za kufundishia kuna marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa), na rezidenti naye anatafuta namba zake za upasuaji. Utaona magonjwa ambayo mkoani huyaoni, utasikia mijadala mizuri kwenye raundi kuu, lakini kisu utakishika mara chache, na muda mwingi utakuwa unafuatilia majibu ya maabara na kuandika ruhusa za wagonjwa. Mkoani ni kinyume chake: mtarajali anafanya upasuaji wa kujifungua mara nyingi, ila bingwa akiwa mmoja na amesafiri, unajifunza makosa ya mtu aliyekutangulia kwa miezi sita.

Kwa anayetaka kuwa bingwa, bado nasema hospitali ya mkoa au ya misheni yenye mabingwa kamili inamjenga zaidi mwaka huu wa kwanza. Yale ya hospitali ya taifa utayapata kwenye MMed.

Sasa usiku. Nitachukua mfano mmoja wa leba kwa sababu hapo ndipo hesabu ndogo inapogeuka msiba: magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba au dalili zake kali.

Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa ikiwa na nguvu ya asilimia 20, halafu gramu 10 kwenye misuli, yaani gramu 5 kila tako. Dawa inakuja ikiwa asilimia 50. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Ampuli ya mililita 10 ina gramu 5, ya mililita 2 ina gramu 1, na stoo inaweza kubadilisha bila kukwambia. Soma ampuli kila mara, usikariri "ampuli mbili". Kutengeneza ya mshipa: vuta mililita 8 za asilimia 50 (hizo ni gramu 4), ongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20. Isukume taratibu, isiwe chini ya dakika 5. Ya misuli haichanganywi na maji. Unaichoma ikiwa asilimia 50, na kila sindano unaiongezea mililita 1 ya lignokeni ya asilimia 2, la sivyo mama ataruka kitandani.

Akipata degedege tena baada ya dakika 15, mpe gramu 2 nyingine kwenye mshipa. Kisha gramu 5 kwenye misuli kila saa 4, tako kwa tako, hadi saa 24 zipite tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lolote lililochelewa. Kabla ya kila dozi angalia vitu vitatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Kupumua kukishuka, kalsiamu glukoneti gramu 1 (mililita 10 za asilimia 10) kwenye mshipa polepole, na umsaidie kupumua. Hiyo kalsiamu iwe kwenye trei pale pale. Ikiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda kula, ni sawa na kutokuwa nayo.

Na magnesiamu haishushi presha. Watarajali wengi wakishachoma magnesiamu wanapumua, wanasahau kuwa presha bado ni 170/115. Ikifika 160/110 mpe haidralazini miligramu 5 kwenye mshipa taratibu au nifedipini ya kunywa, na upige simu, maana tiba yenyewe ni kumzalisha.

---

Sista_Inchaji:

Dokta kaeleza vizuri. Mimi nazungumza na wote wawili, hasa huyo muuguzi mtarajali.

Kosa kubwa la usiku linaanza jioni, kwenye kukabidhiana. Ripoti ya zamu inayosomwa mezani, wagonjwa 40 kwa dakika 10, haina maana. Kabidhianeni kitanda kwa kitanda kwa wale wabaya watano au sita: mgonjwa yupo? kanula inafanya kazi? dripu ni ipi na imebaki kiasi gani? kipimo gani hakijarudi, na nani anakifuata? Wengine watajwe kwa ufupi. Dawa ya saa 4 usiku ambayo kila zamu inaamini imetolewa na mwenzake ndiyo inayokosekana.

Pili, vipimo vya kawaida. Fungua chati za wodi nyingi utakuta wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika. Hakuna wodi ya namna hiyo duniani. Kupumua ndiko kunakobadilika mapema mgonjwa anapoharibika, kabla presha haijashuka, na ndicho kipimo tunachobuni. Hesabu kwa dakika nzima, ukiwa umeshika mkono wake kana kwamba unahesabu mapigo, ili asibadilishe anavyopumua. Ukimwita daktari usimwambie "mgonjwa hayuko vizuri". Mwambie "kitanda cha 12 anapumua 34, oksijeni 86 bila mashine, saa mbili zilizopita alikuwa 22". Hapo hata aliyelala ataamka.

Damu. Makosa ya damu mara nyingi si ya maabara, ni ya kitandani. Sampuli inachukuliwa, chupa inapelekwa mezani tupu, jina linaandikwa baadaye, na wodini kuna akina Mariamu wawili. Chupa iandikwe pale pale kitandani, mgonjwa akitaja jina lake mwenyewe (usimuulize "wewe ni Mariamu?", atakubali tu), na namba ya faili iwepo. Damu ikifika, watu wawili wakague: jina, namba ya faili, kundi, namba ya chupa, tarehe ya mwisho. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji, iishe ndani ya saa 4. Kaa na mgonjwa dakika 15 za kwanza. Kwenye mpira wa damu hakuna kinachoingia isipokuwa normo salini. Glukosi inapasua chembe za damu, na Ringa ina kalsiamu inayoweza kuigandisha. Akianza kutetemeka au kulalamika maumivu ya mgongo, funga damu, badilisha seti, weka normo salini, ita daktari, na chupa yenyewe irudi maabara pamoja na sampuli mpya. Usiitupe.

Dawa mbili za kuogopa: potasiamu na insulini. Potasiamu kloridi ya asilimia 15, mililita 10, ina milimoli 20. Haichomwi moja kwa moja hata siku moja. Inawekwa kwenye dripu, inatikiswa vizuri (isipotikiswa inatuama chini na kuingia yote kwa pamoja), na bila mashine ya kufuatilia moyo isizidi milimoli 10 kwa saa. Insulini iandikwe "uniti" kwa kirefu. Ukiandika herufi moja ya U kwa mwandiko wa haraka, 6U inasomeka 60. Na ivutwe kwa sirinji yake ya uniti 100 tu.

Kuchomwa sindano: osha kwa maji na sabuni, usiminye, usimwage spiriti wala jiki. Toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya saa 2 ndiyo vizuri, na zikipita saa 72 hazina kazi. Ni siku 28 bila kukatiza, ukipimwa mwanzo, wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kinachowaponza watarajali ni aibu, na kuogopa kuonekana wazembe: wanasubiri zamu iishe, kisha wikendi ipite. Homa ya ini B mumalizane nayo kabla ya kuripoti: chanjo 3, mwezi 0, wa 1 na wa 6. Mkianza leo, mbili zitakuwa ndani mapema.

---

Mtarajali_Mpya:

Asanteni sana, Dokta na Sista. Swali la nyongeza: msimamizi asipopokea simu usiku? Na anapopokea, unamwambiaje bila kuonekana hujui kitu?

---

Leba_Saa_Tisa:

Mpangilio wa maneno ni ule wa SBAR (hali, historia, tathmini, ombi) mliofundishwa chuoni, lakini kwa Kiswahili cha wodini unakuwa hivi:

"Dokta, ni mtarajali wa leba. Kitanda cha 4, mimba ya kwanza, wiki 37. Presha 172/116, nimepima mara mbili, kichwa kinamuuma na anaona ukungu, protini kwenye mkojo tatu. Naona ana dalili kali za kifafa cha mimba. Nimempa magnesiamu ya kuanzia na haidralazini miligramu 5. Naomba uje sasa tuamue kumzalisha."

Ombi liwe wazi: uje, au naomba ruhusa ya jambo fulani, au nataka tu ujue. Ukimaliza bila ombi, atasema "endelea kumwangalia" na kurudi kulala, na kwa haki, hukumwomba kitu. Uwe na faili mkononi unapopiga, maana swali la kwanza litakuwa himoglobini ngapi.

Asipopokea: piga mara ya pili baada ya dakika 5, kisha panda ngazi. Wa pili kwenye orodha ya zamu, bingwa wa zamu, kisha mkuu wa idara au mganga mfawidhi. Orodha ya simu ichukue siku ya kwanza, na uihakiki; namba za kwenye ukuta mara nyingi ni za waliohama. Kila simu iandike kwenye faili: "Saa 8:20 usiku nimempigia daktari wa zamu ya pili, hakupatikana. Saa 8:26 nimempigia bingwa wa zamu, ameagiza..." Usiandike lawama, andika saa na jambo. Kikao cha kujadili vifo vya wazazi kikikaa, maandishi hayo ndiyo yanayosomwa, si maelezo ya mdomo.

---

Rezidenti_wa_Tatu:

La 2 nalichukua mimi.

Logibuku ijazwe siku ile ile. Kila mstari: tarehe, namba ya faili (jina la mgonjwa halikai humo, ni siri yake), utambuzi, ulichofanya, na nafasi yako: umeangalia, umesaidia, umefanya chini ya msimamizi, au umefanya peke yako. Kisha sahihi ya aliyekusimamia na namba yake ya usajili. Saini zitafutwe kila wiki. Mtarajali anayesubiri mwisho wa mzunguko anakuta bingwa yuko likizo, rezidenti amehamia hospitali nyingine, na kurasa 30 zinasainiwa kwa kalamu moja kwa dakika tano. Anayezipitia anaziona tu. Piga picha kila ukurasa uliosainiwa, kwa sababu vitabu vinalowa, vinaibwa, vinasahaulika kwenye daladala.

Usijaze kwa sifa. Ukiandika umefanya peke yako kitu ambacho hukifanyi vizuri, hospitali ya kwanza itakayokuajiri itakuachia ukifanye peke yako kweli, saa 9 usiku, wilayani.

Kingine ambacho chuo hakifundishi vya kutosha ni makaratasi ya kisheria. PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mgonjwa mahututi anatibiwa, fomu itafuata. Tiba haisubiri polisi. Unapoijaza, eleza unachokiona, acha kinachodaiwa. "Jeraha la kukatika, kingo zilizonyooka, urefu sentimita 6, upande wa kushoto wa paji la uso" ni ushahidi. "Amekatwa panga na jirani" ni maneno ya mgonjwa, na ukiyaandika yaonekane kuwa ni maneno yake. Mwandiko usomeke, maana unaweza kuitwa mahakamani baada ya miaka miwili ukiwa umesahau sura na jina. Maelezo hayo hayo yaandike na kwenye faili, kwani fomu inaondoka na mgonjwa.

Cheti cha sababu ya kifo: "moyo kusimama" siyo sababu, kila anayekufa moyo wake umesimama. Sehemu ya kwanza inakwenda kinyumenyume: (a) kilichomuua moja kwa moja, kwa mfano damu kuvujia tumboni, (b) kilichosababisha hicho, kupasuka kwa bandama, (c) chanzo, ajali ya pikipiki. Sehemu ya pili ni magonjwa yaliyochangia bila kuwa kwenye mnyororo huo, kama kisukari. Ukiandika "moyo kusimama" peke yake, kwenye takwimu za taifa ajali hiyo ya pikipiki haipo.

Na fomu za bima. Utambuzi, vipimo na dawa viendane. Dawa ya kisukari kwa mgonjwa uliyemwandikia malaria tu itakatwa. Makato ya bima yakirudi, uongozi unatafuta sahihi ya nani ipo, na mara nyingi ni ya mtarajali.

---

Mkoani_Kwanza:

Naomba kumpinga kidogo Leba_Saa_Tisa kuhusu kituo, ingawa jina langu linaweza kunisaliti. Mkoani utapata mikono, kweli. Lakini kwa muuguzi hesabu ni tofauti. Kama anataka uuguzi wa wagonjwa mahututi, ICU ya hospitali nyingi za mikoa ni vitanda vichache, na mashine ya kupumulia mara nyingine imekaa kwa sababu hakuna wa kuiendesha. Huyo aende kwenye hospitali ya kanda au ya taifa, akajifunze kunyonya makohozi kwenye mirija, kusoma gesi za damu na kupanga pampu za dawa. Hawa wawili wasilazimishe kwenda kituo kimoja kwa sababu ni marafiki.

---

Leba_Saa_Tisa:

Hilo nakubali. Kwa muuguzi wa ICU au wa chumba cha upasuaji, nenda penye vifaa.

---

Kisu_na_Uzi:

La 4, upande wa upasuaji.

Kuna njia mbili na watu wanazichanganya. MMed ni ya chuo kikuu: unalipa ada au unafadhiliwa, unakuwa mwanafunzi, miaka 3 hadi 4 kutegemea chuo na fani, na lazima uandike tasnifu. COSECSA ni chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yake Arusha, na hakina majengo ya darasani. Unafundishwa ndani ya hospitali iliyoidhinishwa huku ukifanya kazi. Hatua ya kwanza ni uanachama, MCS, miaka 2. Hatua ya pili ni FCS, ubingwa wenyewe, ambayo kwa upasuaji wa jumla ni miaka 3 zaidi, jumla 5. Hakuna ada ya chuo kikuu, lakini kuna malipo ya programu na ya mtihani. Mtihani una sehemu ya kuandika, na ukiipita ndipo unaitwa kwenye kliniki na mahojiano, ambayo huenda yakafanyika nchi nyingine, kwa hiyo pasipoti na nauli viwe kwenye bajeti.

Faida yake: unafanya upasuaji mwingi, na sifa inatambulika kwenye nchi wanachama, kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe. Ubaya: kila kitu kinategemea hospitali na msimamizi wako. Akihama, huwezi kuendelea palepale bila msimamizi mwingine aliyeidhinishwa. Na anayetaka kufundisha chuo kikuu ataulizwa shahada ya uzamili na utafiti, kwa hiyo aifikirie MMed mapema. Fani nyingine nazo zina vyuo vya aina hii: CANECSA kwa usingizi, ECSACOP kwa magonjwa ya ndani, na wauguzi wana ECSACONM.

Kabla ya kuingia kokote, hakikisha kwamba fani unaipenda saa 10 alfajiri. Raundi ya asubuhi haitoshi kukuonyesha upasuaji ni nini.

---

Rezidenti_wa_Tatu:

Nyongeza kwa anayefikiria MMed kupitia ajira ya serikali. Tangazo la Daktari Daraja la II linataka mtu aliyemaliza utarajali wa mwaka mmoja na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. La Afisa Muuguzi lina masharti kama hayo kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa hiyo usajili wa muda haukusaidii. Cheti cha kumaliza kikitoka, peleka maombi ya usajili wa kudumu wiki hiyo hiyo, kwa sababu matangazo kwenye Ajira Portal hayakusubiri. Anayelenga Zanzibar akumbuke kuwa huko kuna baraza lake, neno "Tanganyika" halipo pale kwa urembo.

Ukishaajiriwa kuna kipindi cha majaribio cha miezi 12, na ruhusa ya masomo inategemea kuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mpango huo unaandaliwa kwenye bajeti, mwaka mmoja kabla. Ukienda na barua ya chuo mwezi wa Septemba huku jina lako halimo, utaambiwa subiri, au uondoke bila mshahara. Peleka jina lako kwa mganga mfawidhi na afisa utumishi mapema, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Tasnifu: anza na kitu kidogo ukiwa bado mtarajali. Chukua faili 50 za kina mama waliofanyiwa upasuaji, angalia wangapi walipewa antibayotiki kabla ya kukatwa ngozi, linganisha na mwongozo, badilisha jambo moja, rudia baada ya miezi mitatu. Huo ni ukaguzi wa huduma. Zungumza na uongozi wa hospitali kabla ya kufungua faili, na ukitaka kuuchapisha kama utafiti, kibali cha maadili kiombwe kabla ya kukusanya takwimu. Hakiombwi kwa nyuma.

---

Sista_Inchaji:

Kwa muuguzi sasa, kwa sababu swali lake limeachwa mwisho kama kawaida.

Baada ya usajili kuna milango halisi. Shahada ya uzamili: MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) wana uuguzi wa wagonjwa mahututi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Kuna mafunzo ya usingizi kwa wauguzi, kama yale ya KCMC, hospitali ya kanda iliyoko Moshi, na nikiulizwa fani gani muuguzi hatakosa kazi wilayani, naitaja hiyo kwanza: kituo chenye chumba cha upasuaji bila mtu wa usingizi ni chumba kilichofungwa. Kuna macho, kuna chumba cha upasuaji, kuna tiba shufaa.

Kwenye mwaka wa utarajali muuguzi asikubali kukaa wodi moja kwa sababu "unaelewana nao". Apite magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, leba, ICU, chumba cha upasuaji, na kliniki ya mama na mtoto. Wodi yenye upungufu itamvuta abaki. Aombe uhamisho kwa barua kwa muuguzi mkuu, tarehe ya mzunguko ikifika.

---

Muscat_Zamu:

Naongezea kwa muuguzi anayefikiria Oman, Saudia au Falme za Kiarabu. Kwa kawaida wanataka miaka 2 ya kazi baada ya usajili, na utarajali mara nyingi hawauhesabu. Vyeti vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, ambao wanaandikia chuo, baraza na kila mwajiri moja kwa moja; kisha kuna mtihani wa leseni wa kompyuta, mara nyingi kupitia Prometric. Kinachokwamisha watu wetu ni barua ya kazi. "Alikuwa mfanyakazi mzuri na mcha Mungu" haisaidii. Barua iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, wodi na idadi ya vitanda, saa kwa wiki, jina na cheo cha aliyesaini, simu ya ofisi inayopokelewa na barua pepe ya hospitali, si ya Gmail ya mtu binafsi. Majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. "Mohamed" kwenye cheti na "Mohammed" kwenye pasipoti itakula miezi ya viapo. Omba pia cheti cha mwenendo mwema kutoka baraza lako, lakini usikichukue mapema sana, kwani kina muda wa kuisha. Na barua ya kila kituo ichukue siku unapoondoka, mganga mfawidhi anayekujua akiwa bado yupo ofisini.